Nyota Mbili Chini ya Kifuniko

Jumatatu, 9 Machi

Dada, nisamehe. Daftari hili ulilinunua wewe, ukaandika kwa mkono wako kwenye jalada "niandikie kila kitu", na mimi nikaliweka chini ya godoro miezi mitatu. Si kwamba nilikusahau. Kila nikishika kalamu Bosi anaamka, na Bosi akiamka nyumba nzima iko kazini. Ndiyo jina tulilompa mpwa wako, maana humu ndani ndiye anayetoa amri. Ana miezi kumi sasa, meno mawili, na hasira za mtu mwenye meno yote.

Na kuna aibu pia. Uliniuliza gari la Baba linaendeleaje, nikakujibu "zima". Si zima.

Tulipomzika Baba, Baba Mdogo Taratibu alikuja nyumbani akasema atalichukua lile gari, Kilimia la Baba, gereji kwake alifanyie usafi wa injini, bure, iwe ndiyo rambirambi yake. Unajua alivyolia siku ile. Unajua alibeba jeneza upande wa mbele. Fundi aliyelitengeneza gari lile miaka ishirini, tuliyemwita Baba Mdogo tangu hatujaota meno ya pili, nani angemkatalia? Mama akampa ufunguo kwa mikono miwili. Alikaa nalo wiki tatu, akalirudisha limeoshwa na kupakwa nta, zile nyota sita za mbele zinang'aa kama meno ya bwana harusi. Tangu siku hiyo halina nguvu, linachemka, linakunywa maji kama ngamia.

Nami ndilo linalonilisha. Mama mwenye tanuri ameniajiri kupeleka mikate shule ya bweni kule kilimani kila alfajiri. Baba wa mtoto simtaji humu, maana hana spea anayoweza kuleta.

Nitaandika kidogo kidogo msimu huu wote wa mvua. Shoga yako anayekuja huko ng'ambo mwezi wa sita atakuletea daftari.

Jumatano, 11 Machi

Mvua imeanza. Nguo za Bosi hazikauki.

Jumamosi, 14 Machi

Leo limezima katikati ya kilima. Mshale wa joto umepanda mpaka mwisho, mvuke unatoka kama sufuria imesahauliwa jikoni. Nimekaa nusu saa na trei za mikate nyuma, Bosi analia mgongoni, maji mekundu ya njia yanapita chini ya matairi. Nikawa nachota maji ya mtaro kwa kopo la maziwa.

Wanafunzi wamekunywa chai kavu. Mwenye tanuri hakugomba. Alisema tu, "Mama Bosi, mkate haujui kusubiri." Ningependa angegomba.

Alhamisi, 19 Machi

Nimelipeleka kwa Baba Mdogo. Alitoa ile bisibisi yake ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho kama anayesali. Unaikumbuka. Tulikuwa tunabana pumzi tusimharibie.

Akafumbua macho akasema gari halina tatizo. Mafuta ya siku hizi machafu, na mguu wangu mzito. Wanawake, eti, hukanyaga kana kwamba wanaua mende. Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nami nikacheka, Dada. Nilicheka, nikamshukuru, nikaondoka. Akanigongea bodi kwa kiganja kama alivyokuwa akimgongea Baba: "Taratibu, mwanangu, taratibu."

Jumatatu, 23 Machi

Mvua tangu jana. Leo nimesoma lile daftari la gari la Baba, lile jeusi. Wengine huandika watoto wamezaliwa lini. Bwana shamba wetu aliandika siku za kubadilisha oili.

Ukurasa wa kwanza ameweka historia, kwa mwandiko wake wa ofisini. Kwamba Subaru kwa Kijapani ndiyo Kilimia, zile zile nyota anazotazama mkulima. Kwamba hao watu asili yao ni kiwanda cha ndege, kikavunjwa vipande vipande baada ya vita kuu, kisha makampuni matano yakaungana kuwa moja, ndiyo maana kwenye nembo nyota moja ni kubwa na tano ndogo zinaifuata. Kwamba mwaka 1972 walianza kuuza gari la kubebea familia lenye nguvu kwenye matairi yote manne. Pembeni ameandika: "Wenzetu hawa wanajua tope."

Kisha yanafuata maandishi yake mwenyewe. "Leo limevuta trekta la idara. Dereva wa trekta kaomba nisimwambie mtu." "Kilomita laki mbili, injini haijafunguliwa." "Plagi za nyuma mkono wangu hauingii, nimetumia wa binti mdogo." Huyo ni mimi. Ukurasa ule una alama ya kidole changu ya oili, nimekipima, kilikuwa kidogo kama cha mjusi.

Nikaona jambo moja ambalo nimelijua bila kulijua. Bosi halali tena garini. Wakati Baba yupo, mtoto akilia, Baba alikuwa anamweka kiti cha mbele, anawasha injini bila kwenda popote, na kabla hujahesabu kumi amelala. Si unajua lile gurumo la silinda zilizolala chali, mbili huku mbili huku, zinapigana ngumi zikitazamana? Linaingia kifuani. Tangu gari litoke gereji, nikiwasha tu analia.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Mikate. Mvua.

Alhamisi, 2 Aprili

Limezima tena kilimani. Safari hii akapita mkunga, yule yule aliyenizalisha. Naye anaendesha Subaru, nyeupe, ya umri wa letu. Analo kwa sababu huko juu hakuna gari jingine linaloshuka na mwenye uchungu siku ya tope. Alisimama, akasema tuhamishe mikate kwake, na mtoto atangulie ndani asilowe.

Nikamweka Bosi kiti cha mbele akipiga kelele. Injini ilikuwa inawaka. Nikarudi kuchukua trei ya kwanza. Nilipofika, amelala. Kichwa kimeanguka upande, mdomo wazi, mate yanatiririka.

Nilisimama na ile trei kwenye mvua. Mkunga ananiita, sisikii. Nilikuwa naisikia injini.

Nikamuuliza gari lake alilitengeneza wapi. Akasema kwa Taratibu, mwezi wa kumi na mbili, injini yake iliungua, Taratibu akamtafutia nyingine, "nzima kabisa, mwanangu, kama ilikuwa inanisubiri".

Jumamosi, 4 Aprili

Nimekwenda kwa mkunga na spana namba kumi. Nilimwambia nataka kufungua kifuniko cha mkanda wa taimingi, boliti tatu, nitakirudisha. Aliniuliza kwa nini, nikasema nikifungua ndipo nitakapojua. Mtu aliyekuona ukizaa hakuulizi mara mbili.

Dada, unakumbuka siku Baba alipobadilisha mkanda, mimi nina miaka tisa na wewe kumi na miwili? Tulimwomba na sisi tuweke nembo yetu. Akatupa msumari, akatuonyesha ukingo wa alumini pale kifuniko kinapokaa, akasema choreni, injini na yenyewe ijue ina watoto. Wewe ukachora nyota nzuri. Yangu ikatoka na mguu mmoja umepinda, ukanicheka, nikalia.

Zipo. Nyota mbili. Yako nzuri, yangu inachechemea.

Nikalinganisha na namba ya injini aliyoiandika Baba kwenye daftari jeusi. Ndiyo.

Mkunga alitazama zile nyota, akanitazama mimi, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Akasema, "Sikujua. Sema neno moja, nakurudishia leo."

Sikulisema. Wiki hii peke yake ameshusha wanawake watatu. Nilimwambia, "Ikae. Lakini ni ya baba yangu, uijue. Na usimwambie mtu mpaka nikuambie."

Jumapili, 5 Aprili

Leo siandiki.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimemwambia Mama. Nilidhani atapiga yowe. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Akasema mkono uliobeba jeneza la baba yenu hauwezi kuwa ule ule ulioiba. Nikasema ni ule ule, Mama, kwanza jeneza, kisha injini. Akasema tuache, Mungu ataona. Nikamwambia Mungu ameshaona, sasa nataka waone wenye magari.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, kama vile ukishakijua kazi imekwisha. Kazi ndiyo inaanza, kukitafuta kwenye pindo na kukibana kwa kucha. Polisi? Ningemtia aibu siku mbili. Mimi namtaka kwa msimu mzima.

Nikimnyonyesha Bosi nawaza. Nikifua nguo nawaza. Nimefikiria sukari kwenye tangi la pikipiki yake. Nimefikiria kumwandikia ukutani. Yote ya kitoto. Mtu huyu hana mali wala gari lake mwenyewe. Ana kitu kimoja tu, jina la kusikia.

Ijumaa, 10 Aprili

Nilikwenda gereji kumwambia usoni kuwa najua. Nilimkuta ameinama kwenye gari la muuza simiti, mgongo kwangu. Nikaita, "Baba Mdogo." Kimya. Nikasogea upande wa kulia, hatua moja kutoka sikioni, nikaita tena. Nikapiga makofi. Nikadondosha spana juu ya bati. Hakugeuka mpaka kivuli changu kilipomfika, akashtuka, akanikaribisha kwa kicheko kirefu.

Hasikii. Sikio la kulia limekufa kabisa, lile la bisibisi. La kushoto nalo linasikia kwa tabu. Kumbe siku ile aliponiambia mguu wangu mzito, alikuwa ameshika kipande cha chuma sikioni na hakusikia chochote. Akafumba macho akajibu alichotaka.

Sikumwambia nilichokwenda kusema. Nilinunua balbu ya taa ya nyuma nikarudi nyumbani nikiimba. Mama akauliza nimepata nini.

Ijumaa, 17 Aprili

Mwenye tanuri amempa mikate mtu mwenye pikapu. Alinishika mkono akasema nikipata gari linalopanda nirudi. Nimelia bafuni, maji yakiwa wazi, Mama asisikie.

Jumapili, 19 Aprili

Wiki ijayo ndiyo Jumamosi ya msimu. Nakukumbusha, maana umekaa huko muda mrefu. Wenye Subaru wote hukusanyika gereji kwa Taratibu kabla mvua haijafika kileleni, anazisikiliza injini bure, na mwisho unachezwa ule mchezo wake. Anafungwa kitambaa machoni, anazungushwa mara tatu, magari yanawashwa, naye anataja kila moja ni la nani kwa mlio tu. Baba aliandika kwenye daftari kwamba miaka kumi na tisa hajakosea hata mara moja.

Nimemwomba mkunga aje na lake. Amenitazama akasema kazi yake ni kutoa watu, si kuwazika. Lakini atakuja.

Nitaomba mchezo uchezwe kwa magari mawili tu, langu na la mkunga. Nitasema nataka asikilize lipi ni Kilimia la marehemu. Akisema ni langu, ni mwongo, na spana namba kumi ninayo mfukoni. Nitafungua kifuniko mbele ya watu wote. Akishindwa kujibu, ni kiziwi, na watu wote wamemwona. Nimeziba njia zote mbili. Nalala vizuri.

Jumatano, 22 Aprili

Bosi ana jino la tatu. Ameniuma nalo.

Jumamosi, 25 Aprili

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Mvua ilipumzika asubuhi. Magari kumi na manne yalipangwa kuanzia lango la gereji mpaka kwenye duka la dawa. Unawajua hao watu, hakuna anayejua kusalimia bila kutaja kilomita. Muuza simiti anasema lake limebeba mifuko thelathini na halikulalama, mwenye duka la dawa anamwambia halikulalama kwa sababu lilizimia. Mzee mmoja amekuja na lake linalovuja paa, amekaa ndani na mwavuli, hataki kusikia habari za kuliuza. Kila mmoja aliponipita alinipa pole ya Baba. Mama alibaki nyumbani na Bosi. Alisema hataki kuona.

Taratibu alizunguka na bisibisi. Safari hii nilimtazama kwa macho mapya. Kila gari, kabla ya kuweka chuma sikioni, anamwuliza mwenyewe, "Wewe unalisikiaje?" Mtu anaeleza. Yeye anafumba macho, anatikisa kichwa, kisha anarudia yale yale aliyoambiwa kwa maneno ya kifundi. Watu wanashangaa amejuaje.

Ulipofika mchezo nikanyoosha mkono. Nilisema nina ombi, kwa heshima ya Baba, mwaka huu Baba Mdogo asikilize mawili tu, atuambie lipi ndilo Kilimia. Watu walipenda. Walifikiri ni ukumbusho. Mwenye duka la dawa alifuta miwani.

Taratibu alinitazama muda mrefu kidogo kuliko inavyotosha, kisha akatazama gari la mkunga. Nadhani ndipo alipojua kuwa najua. Akainama afungwe kitambaa.

Wakamzungusha mara tatu. Langu likawashwa, na la mkunga. Muuza simiti akamtilia bisibisi mkononi, naye akairudisha. Watu wakanong'ona. Hajawahi.

Akanyoosha mikono akaenda akipapasa hewa. Gari la kwanza kulifikia lilikuwa langu. Akaweka viganja viwili juu ya boneti. Akakunja uso kama mtu anayemgusa mtoto kipaji cha uso akamkuta na homa. Akakaa hapo. Akatoka, akapapasa mpaka kwenye la mkunga, akaweka kiganja kimoja, cha kulia. Mabega yakamshuka.

Akasema, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri, "Hili ndilo la marehemu. Injini ya Kilimia ni hii hapa."

Kikapasuka kicheko, Dada, kicheko cha watu waliongoja miaka ishirini. Muuza simiti akashika magoti: "Mzee, hilo la mkunga! Nenda ukazaliwe upya mikononi mwake, urudi na masikio mengine."

Akajifungua kitambaa. Hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, akangoja.

Nimeziba njia mbili, akapita ya tatu. Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo kwa kila mtu pale ilikuwa kosa. Mkunga alikuwa ameshika usukani kwa nguvu, midomo ameibana. Spana ilikuwa mfukoni imepata joto la mkono wangu. Boliti tatu tu. Ningefungua, wangejua ni mwizi, na wangejua pia kuwa hakukosea. Nikinyamaza, hakuna anayemwita mwizi, lakini amekwisha.

Nikanyamaza.

Nilimwacha pale na kitambaa mkononi. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wanamgonga bega, wanamwambia uzee jamani, apumzike. Yule mzee wa mwavuli alipandisha kioo tu.

Jumapili, 26 Aprili

Sitakudanganya kwamba nilimwonea huruma. Nilisikia utamu. Nimekula vizuri kuliko mwezi mzima.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimepita mbele ya gereji mara mbili bila shughuli. Hakuna gari.

Jumanne, 28 Aprili

Asubuhi mvua inapiga kama mawe, nafungua mlango, Taratibu yuko uani na sanduku la vifaa kichwani. Mama akamkaribisha chai, nikamkatalia Mama kwa macho.

Ilibidi nisimame upande wake wa kushoto, karibu kabisa, nimnong'oneze chuki yangu kama mtu anayemwambia mtoto siri. Nilichukia hata hilo.

Alieleza bila kuulizwa. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa akibadilisha mabomba ya maji ya gari la mkunga. Alichomeka kitambaa kwenye tundu la injini uchafu usiingie, kama wanavyofanya mafundi wote. Akafunga bomba kitambaa kikiwa ndani. Kosa la mwanafunzi. Zamani angesikia maji hayazunguki. Safari hii aliweka bisibisi, hakusikia chochote, akadhani kimya maana yake uzima. Mkunga alifika nusu ya kilima, injini ikaungua na mwenye uchungu yuko nyuma. Mtoto alitoka salama pembeni ya njia. Mkunga alidhani ni bahati mbaya.

Angesema ukweli, nani angempa gari tena? Na hapo uani kwetu palikuwa na gari la rafiki yake lenye injini nzima, na nyumba ya watu wanaolia. Akahamisha. Ile iliyoungua akaitia viraka akaniwekea mimi. Alidhani nitaliegesha tu. Hakujua nitapata kazi ya mikate.

"Nilisema kweli mbele ya watu," akaniambia, "wakacheka. Nawe ulijua."

"Nilijua."

"Basi tumelipana."

"Bado."

Akauliza nataka nini. Nikamwambia atafungua injini hii hapa uani kwangu, mbele ya njia, kila mpita njia amwone. Nitasimama naye kila boliti. Atanionyesha kila kitu ambacho mikono yake inajua, mpaka niweze bila yeye. Hakuna chai.

Akakubali. Akaomba jambo moja. Niwaambie wale watu kuwa hakukosea.

Nikamwambia nikisema hivyo lazima niseme ni mwizi.

"Sema," akajibu. "Heri waniite mwizi."

Dada, ndipo nilipoelewa nimeshika nini mkononi. Nikamwambia siku injini itakapowaka, nitafikiria. Sikusema nitafanya. Nilisema nitafikiria.

Jumatatu, 4 Mei

Tumeishusha injini kwa mnyororo na gogo. Amevaa turubai kama shuka. Watu wanapita wanasema, "Kumbe Taratibu siku hizi kibarua wa Mama Bosi!" Yeye hasikii, kwa hiyo namrudishia, neno kwa neno, sikio la kushoto.

Alhamisi, 7 Mei

Mkunga ananiazima lake alfajiri. Yule wa pikapu alikwama siku tatu, mwenye tanuri akanirudishia mikate. Napanda kilima kwa injini ya Baba, Bosi analala kabla ya kona ya kwanza. Nikishuka namrudishia mkunga ufunguo na mkate mmoja wa moto.

Jumanne, 12 Mei

Tumefungua silinda hedi ya kulia. Kwenye njia ya maji kulikuwa na nyuzi za kitambaa cha fulana, zimekauka kama ugoro. Nilizitoa kwa kibano nikaziweka kwenye kiganja chake. Hakuzitupa. Alizikunja kwenye karatasi akazitia mfuko wa shati.

Jumapili, 17 Mei

Bosi amesimama bila kushika kitu. Amemshika Taratibu suruali, hiyo haihesabiki.

Ijumaa, 22 Mei

Mikono yake ni kitu kingine. Anafunga boliti kwa kufuata duara lake, kutoka katikati kwenda nje, hatazami. Leo amenishika kiganja akakiweka juu ya injini ya mkunga ikiwaka, akaniuliza silinda ngapi. Nikasema nne. Akasema usiniambie unachojua, niambie unachoshika. Nikafumba macho. Baada ya muda nikazishika, moja baada ya nyingine. Kumbe hivyo ndivyo alivyoishi miaka hii miwili ya ukiziwi, na hivyo ndivyo alivyolijua Kilimia siku ile. Hakubahatisha.

Nilifurahi, kisha nikakasirika kwamba nimefurahi. Mama alimpitishia chai dirishani. Nilijifanya sikuona.

Jumapili, 31 Mei

Siku ya nne bila mvua. Mawingu ya kilimani yameanza kuachia.

Alhamisi, 11 Juni

Leo alfajiri natoka na mikate, mbingu imeoshwa, na upande wa mashariki, juu kidogo ya paa la tanuri, kikundi cha nyota kimerudi. Baba alikuwa anasema kile walichosema wazee wake, Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilizima taa za gari nikazihesabu. Wengine huona sita, wengine saba. Mimi niliona sita na kitu kinachochechemea pembeni.

Shoga yako anasafiri kesho, namalizia.

Injini iko mezani uani, safi, imefunikwa shuka la Bosi. Nyota ya kuipa hii nayo sijaichora bado. Wale wa Jumamosi ya msimu sijawaambia neno. Kila jioni Baba Mdogo akikusanya vifaa ananitazama, nami namwambia taratibu. Amekonda. Mama anasema nimekuwa mgumu kama Baba. Baba hakuwa mgumu, Baba hakuibiwa.

Vipuri vilivyobaki huku havipatikani, au vipo vya bandia, na yeye mwenyewe amekataa vya bandia, eti injini hii haitaungua mara ya pili mikononi mwake. Huko mnakochinja magari ya kila aina hutakosa. Tuma hivi, na usibadilishe hata kimoja:

Gasketi za silinda hedi, mbili, kulia na kushoto, zile za chuma zenye matabaka.

Gasketi za vifuniko vya valvu, mbili, na oringi zake za matundu ya plagi.

Thamostati moja, ya asili. Ukikosa ya asili usitume.

Pampu ya maji na gasketi yake.

Mkanda wa taimingi, mmoja, pamoja na roli zake zote na kikaza mkanda.

Plagi nne. Za nyuma nitafunga mimi.

Bomba la rejeta la juu na la chini.

Viatu vya Bosi, namba ishirini na moja, vya kufunga, maana vya kuvaa tu anavitupa dirishani.

Msumari wa chuma kigumu, mmoja, wa kuchorea. Wewe uuguse kwanza.

Na kile kifaa cha kusikilizia, cha kuvaa sikioni, cha sikio la kushoto, chenye betri za akiba. Uliza kilicho bora, usinunue cha kuokoa pesa. Usidhani nimemsamehe. Siku injini itakapowaka nina maneno ya kumwambia mtu yule, mbele ya magari yote kumi na manne, na ninataka asikie kila neno mara ya kwanza. Sitayarudia.